Agostino wa Hippo na Shemasi Aliyechoka Kufundisha

Mhariri wa kurasa za Kiswahili aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, nilifikiri kwanza kuandika habari za jemadari au za mfalme, maana hao ndio wapendwao na wasomaji wa gazeti hili. Lakini mwaka huu nimekutana na mtu wa namna nyingine, tena nilikutana naye wakati wa shida yangu, kwa hiyo siwezi kumpita. Mtu huyo ni Agostino, Askofu wa Hippo. Wengi wetu twaliona jina lake katika kalenda ya Kanisa, tarehe 28 Agosti, na kwa sababu ya picha zilizochorwa na mafundi wa Ulaya twadhani alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kiaskofu. Basi, alikuwa mtu wa Afrika. Alizaliwa Afrika, akasoma Afrika, akafundisha Afrika, akafa Afrika. Katika miaka yake 75 alikaa ng'ambo ya bahari miaka mitano tu.

Shida yangu ilikuwa hii. Sisi wa darasa la mwisho tumegawiwa vigango vya kufundisha dini kila Jumamosi. Mimi nilipewa kigango kilicho mwendo wa saa nzima kwa miguu, ng'ambo ya bonde la mafunjo. Watoto ni 32, wakubwa kwa wadogo, na darasa lao ni kivuli cha mwembe. Nilikuwa nikiuliza maswali ya katekismu, nao wakijibu kwa pamoja kama kasuku, macho yao yakifuata mbuzi wanaopita. Mimi mwenyewe nilipiga miayo. Jumamosi moja nikamwuliza mtoto wa miaka tisa swali nililokwisha kulifundisha mara tatu, akakosa. Nikamsimamisha juani mbele ya wenzake mpaka alikumbuke. Wenzake wakamcheka, nami nikacheka pamoja nao. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Mzee katekista aliponiuliza habari zake, nilisema yamkini ni mgonjwa. Hilo halikuwa kweli, nami nilijua.

Nikaenda kwa Padre kuomba nitolewe kazi ile, kwa kisingizio cha mitihani. Hakunigombeza wala hakunikubalia. Alichukua kitabu chembamba rafuni akaniambia nikisome kwanza, kisha nirudi. Ilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya barua ndefu aliyoiandika Agostino kwa Kilatini, karibu na mwaka 400, kumjibu shemasi mmoja wa mji wa Carthage aliyechoka kufundisha dini. Shemasi huyo aliitwa Deogratias. Nilicheka nilipoliona jina hilo, maana katika bweni letu tunao akina Deogratias watatu, na sikujua kwamba jina lao ni la kale kiasi hicho.

Lakini kabla ya kueleza barua ile, yafaa nieleze mwenye kuiandika.

Agostino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria karibu na mpaka wa Tunisia. Siku zile nchi hiyo yote ilikuwa chini ya Warumi. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba lisilo kubwa na heshima kidogo mjini, lakini fedha zake zilikuwa haba, wala hakuwa Mkristo ila mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kusali sana. Wazazi wote wawili walikubaliana kwa neno moja: mtoto huyu asome, apate kuwa mtu mkubwa.

Shuleni alipigwa. Baadaye, alipokwisha kuwa askofu, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo kwamba sala zake za kwanza kabisa alipokuwa mtoto zilikuwa za kumwomba Mungu asichapwe na mwalimu, na kwamba watu wazima, hata wazazi wake, waliyacheka maumivu yale. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Agostino alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 40 alipoandika hayo, naye alikuwa hajasahau kicheko.

Tena ana neno juu ya lugha ambalo litawafaa wote wanaohangaika na masomo ya lugha hapa kwetu. Kilatini alikipata nyumbani, kwa walezi waliocheza naye, bila fimbo. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho, akakichukia, na hata mwisho wa maisha yake hakukijua barabara. Yeye mwenyewe alipima mambo hayo mawili akaona kwamba hamu ya mtoto hufundisha zaidi kuliko hofu.

Alipokuwa na miaka 16 masomo yake yalisimama mwaka mzima kwa kukosa ada. Ndugu zangu, si sisi wa kwanza! Akakaa nyumbani bila kazi, akaingia katika kundi la vijana wa mtaani, na usiku mmoja wakaenda kuiba mapea katika shamba la jirani. Mapea ni matunda yaliyo na sura kidogo kama ya mapera yetu. Hawakuwa na njaa, wala matunda yenyewe hayakuwa matamu. Wakaonja machache na mengine wakawatupia nguruwe. Agostino aliandika kurasa nyingi juu ya wizi huo mdogo, akijiuliza kwa nini alifanya ubaya usio na faida. Wako watu wanaosema alizidisha. Mimi sidhani, maana mimi pia nilicheka pamoja na wenzangu pale chini ya mwembe, na peke yangu nisingalicheka.

Tajiri mmoja wa Thagaste, jina lake Romanianus, akasaidia kumlipia, hivyo Agostino akaenda Carthage, mji mkuu wa sehemu zile. Huko alisoma ufasaha wa kusema, nayo ndiyo elimu iliyowapa watu vyeo. Baba yake akafa. Agostino akaishi na mwanamke mmoja bila ndoa, wakazaa mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Alipokuwa na miaka 19, yaani umri wangu mimi niandikaye, alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kinachowahimiza watu waipende hekima. Kitabu hicho kimepotea, vipande tu vimebaki, lakini ndicho kilichomgeuza akaanza kuitafuta kweli. Akakisoma na Kitabu Kitakatifu, akakidharau, kwa sababu Kilatini cha tafsiri zile za zamani kilikuwa kibovu, naye alijiona msomi. Akajiunga na wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni falme mbili zinazopigana, akakaa nao miaka tisa. Mama yake akalia sana.

Kazi yake ilikuwa ualimu, kwanza Thagaste, kisha Carthage. Wanafunzi wa Carthage walikuwa na ghasia. Waliingia kwa fujo hata katika madarasa yasiyo yao. Basi mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, akiwa amesikia kwamba wanafunzi wa huko wana adabu. Kweli walikuwa na adabu, ila siku ya kulipa ada ilipokaribia walihamia kwa mwalimu mwingine kwa pamoja, mwalimu wa kwanza akabaki mikono mitupu. Mwaka 384 akapata kazi nzuri ya ualimu wa ufasaha huko Milano, ulipokuwa mji wa Kaisari.

Askofu wa Milano alikuwa Ambrosio. Agostino alikwenda kumsikiliza, si kwa ajili ya dini, bali kusikia jinsi mtu yule anavyosema vizuri. Lakini pamoja na maneno mazuri yakaingia na mambo yenyewe. Akaanza kuona kwamba Maandiko aliyoyadharau yana kina ambacho hakukifikia.

Hapa kuna jambo ambalo lazima niliseme, ingawa si la kumsifu. Monika alikuwa amemfuata mwanawe Milano, na mipango ikafanywa ya kumwoza msichana wa ukoo bora. Kwa hiyo yule mwanamke aliyekaa naye miaka mingi akarudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba. Agostino anasema moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Hata hivyo katika vitabu vyake vyote, navyo ni vingi mno, hakuliandika jina la mwanamke huyo hata mara moja. Nimewasikia wakubwa wakisema alilificha kwa heshima. Huenda ni hivyo. Mimi ningependa kulijua jina lake.

Ndoa ile haikufanyika. Mwaka 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa, akiwa analia kwa kushindana na nafsi yake, alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia rudia maneno ya kumwambia achukue asome. Akachukua Barua za Mtakatifu Paulo, akasoma mstari wa kwanza alioufungua, na shaka yake ikaisha. Akaacha ualimu. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosio akambatiza, pamoja na Adeodatus na rafiki yake Alypius. Mwaka huo huo, walipokuwa wakingoja meli huko Ostia ili warudi kwao, Monika akafa, mwenye miaka 56. Agostino akafika Afrika mwaka 388.

Alipofika kwao akaandika kitabu kiitwacho Mwalimu, ambacho ni mazungumzo yake na mwanawe, kijana wa miaka 16. Wanaulizana kama maneno huweza kumfundisha mtu kitu. Mwisho wanaona kwamba maneno ni kama kidole kinachoelekeza tu. Mwalimu anayemfanya mtu aone kweli yu ndani ya moyo, naye ni Kristo. Agostino alisema mawazo aliyoyatia kinywani mwa mwanawe katika kitabu kile yalikuwa ya mtoto mwenyewe kweli, na kwamba akili ya kijana yule ilimtisha. Muda si mrefu Adeodatus akafa. Baba yake hakueleza sana msiba huo.

Mwaka 391 Agostino alikwenda katika mji wa bandari wa Hippo, ambao leo ni Annaba, kumwona mtu mmoja aliyetaka kuacha mambo ya dunia. Askofu wa Hippo, Valerius, alikuwa Mgiriki mzee, na Kilatini chake kilikuwa cha kubahatisha. Siku moja kanisani akawaambia watu kwamba ahitaji padre wa kumsaidia. Agostino alikuwa amesimama katikati yao. Watu wakamkamata wakamsukuma mbele ili apewe upadre papo hapo. Alilia machozi. Wengine wakadhani analia kwa kuwa hakupewa uaskofu mara moja! Kisha Valerius akamruhusu kuhubiri, jambo ambalo si desturi ya Afrika siku zile padre kulifanya mbele ya askofu wake, na miaka michache baadaye Agostino mwenyewe akawa Askofu wa Hippo, akakaa hapo mpaka kufa.

Sasa nirudi kwa Deogratias. Watu walikuwa wakimletea wageni wa dini, wasiojua lolote, awaeleze mwanzo wa imani. Walimsifu kwamba ajua kufundisha. Lakini yeye aliona aibu: hakujua aanzie wapi wala aishie wapi, na mara nyingi katikati ya mafundisho aliyasikia maneno yake mwenyewe yamepoa, yanamchosha yeye, sembuse msikilizaji. Akamwandikia Agostino kuomba msaada.

Agostino hakuanza kwa kumfundisha kazi. Alianza kwa kumwambia kwamba hata yeye mwenyewe, karibu kila mara, hayapendi aliyoyasema. Akili huona jambo kama umeme unaopita, ulimi nao huja nyuma ukijikokota, na wakati ulimi unapotamka, umeme umekwisha kujificha. Kwa hiyo mwalimu asijipime kwa kuchoka kwake. Kama watu wanaendelea kukuletea wageni, basi hao wanasikia kitu ambacho wewe hukisikii.

Kisha anaeleza namna ya kusimulia. Mwalimu aanze pale Mungu alipoumba mbingu na nchi, ashuke mpaka siku za Kanisa la sasa. Wala asiyamalize yote, kama mtu anayesoma kitabu chote kwa moyo. Achague mambo machache ya ajabu, akae juu yake, ayafungue taratibu ili watu wayatazame na kuyastaajabia. Mengine ayapite upesi. Na mambo hayo yote yaelekee mahali pamoja tu, yaani mtu ajue jinsi anavyopendwa na Mungu, apate naye kupenda. Katika kitabu kile chote sikuona kwamba msikilizaji aulizwe maswali ya kumtega. Kukariri kulikuwako, maana wenye kujiandaa kwa ubatizo walijifunza Kanuni ya Imani kwa moyo na kuitamka mbele ya watu, lakini hiyo ilikuja baadaye. Hadithi ilitangulia.

Tena anasema mwalimu ajue nani yuko mbele yake, kwa maana dawa moja haiwafai wagonjwa wote. Mtu wa shamba si sawa na msomi. Wasomi waonywe wasimcheke padre anayekosea sarufi, maana Mungu husikia moyo.

Sehemu iliyonishika mimi ni ile ya sababu za kuchoka. Agostino alitafuta sababu sita. Huenda mwalimu apenda kukaa na mawazo yake ya juu, naye aona taabu kushuka kwa maneno ya watoto. Huenda apenda zaidi kusoma au kusikia mambo yaliyokwisha kusemwa vizuri na wengine. Huenda msikilizaji amekaa kama gogo. Huenda mwalimu amechoka kurudia yale yale. Huenda ametolewa katika kazi nyingine aliyoiona kubwa zaidi. Au ana huzuni moyoni kwa sababu ya kosa, la mwingine au lake mwenyewe. Nilihesabu vidoleni nikaona mimi ninazo tano. Ile ya pili peke yake sikuwa nayo, maana siku zile sikuwa na hamu ya kusoma kitu chochote.

Juu ya kushuka kwa watoto anataja mama anayemtafunia mtoto wake mchanga vipande vidogo, naye hufurahi kufanya hivyo kuliko kula yeye mwenyewe tonge kubwa. Hapa kwetu tumewaona bibi zetu wakifanya vivyo hivyo. Juu ya kurudia yale yale anatoa mfano wa mtu aliyezoea kupita mahali pazuri bila kupaangalia tena. Akija mgeni, mwenyeji humtembeza, na mshangao wa mgeni hupafanya mahali pale pawe papya kwa mwenyeji pia. Niliwaza juu ya bonde la mafunjo nilivukalo kila Jumamosi, na ndege wake, ambao sikumbuki kuwatazama tangu nilipokuwa darasa la kwanza.

Na msikilizaji akichoka je? Hapo Agostino amekuwa mtu wa kazi kabisa. Asema mtu aliyekuja kwa hamu, kisha akaanza kupiga miayo, yamkini miguu yamuuma kwa kusimama. Mpe kiti. Katika makanisa ya Afrika siku zile watu walisimama, naye asifu desturi ya makanisa mengine ng'ambo ya bahari ambako watu huketi. Mwambie jambo la kumchangamsha, au la kumshangaza. Mwulize kwa upole kama amekwisha kuyasikia haya, au kama haya inamzuia kusema. Na kama ni mzito kabisa wa kuelewa, yafaa umsemee yeye mbele ya Mungu zaidi kuliko kumsemesha yeye habari za Mungu.

Mpe kiti. Mimi nilimsimamisha juani.

Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa yule mtoto. Anakaa na bibi yake. Nilichutama nikamsalimu bibi, akaniita mwalimu, akanipa kigoda, akaleta ndizi. Hakujua lolote. Mtoto alikuwa amemwambia kwamba mafundisho yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mtoto mwenyewe alisimama nyuma ya mlango. Sikuweza kusema yote mbele ya bibi yake, nikasema tu kwamba mafundisho yamefunguliwa, na kwamba kosa la siku ile lilikuwa langu. Bibi alitutazama mmoja mmoja, hakuuliza.

Nikaomba mikeka minne kwa mzee katekista. Jumamosi niliacha maswali, nikasimulia habari za Nuhu na safina. Sitasema kwamba wote walinyamaza wakasikiliza. Wawili walipigana, na mbuzi walipita kama kawaida. Lakini nilipofika kwenye njiwa aliyerudi na jani, nilisahau kutazama saa.

Barua ile kwa Deogratias haikufa na Deogratias. Katika karne ya tisa Rabanus Maurus, mtawa na mwalimu mkubwa wa Ujerumani, aliitumia alipoandika juu ya kuwafundisha mapadre. Mwaka 1683 Padre Claude Fleury wa Ufaransa, aliyeona katekismu za siku zake zimekuwa kavu, alitoa katekismu inayosimulia kwanza historia ya wokovu, akimtaja Agostino kuwa ndiye aliyemwonyesha njia. Hata hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo wa Mungu, iliyotolewa mwaka 1965, imeingiza katika fungu lake la kwanza maneno kutoka barua hiyo.

Wala njia ya kufika kwetu haikuwa ndefu kama nilivyodhani. Kardinali Lavigerie aliwaanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868 akiwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ile ile ya Agostino. Aliyachunguza mazoea ya Kanisa la kale, akaamuru kwamba katika misheni zake mtu asibatizwe haraka, bali afundishwe miaka minne. Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda mwezi wa Februari 1879, na amri hiyo ikaja kufuatwa huko. Ndiyo maana mwaka 1886 baadhi ya vijana wa mfalme walikuwa bado wakatekumeni walipohukumiwa. Karoli Lwanga, asiyekuwa padre, aliwabatiza usiku, Kizito akiwa mmoja wao, nao wakafa Namugongo siku chache baadaye, tarehe 3 Juni. Na mwaka 1964 walimu wa dini kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana katika seminari ya Katigondo, karibu na Masaka, wakashauriana jinsi ya kufundisha dini kwa namna ipasayo watu wa Afrika. Nimepita hapo mara mbili kwa basi bila kujua.

Sitaki mdhani kwamba Agostino hakukosea. Waafrika Wakristo walikuwa wamegawanyika, upande mmoja Wakatoliki, upande mwingine wafuasi wa Donatus. Mwanzoni Agostino alitaka washindwe kwa maneno tu. Baadaye alikubali sheria za Kaisari za kuwatoza faini na kuwalazimisha, na hata baada ya mkutano mkubwa wa Carthage wa mwaka 411, uliokusanya maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili, mambo hayo yaliendelea. Mtu aliyesema hamu hufundisha kuliko hofu aliitetea hofu. Tena alipotafuta askofu wa mji mdogo wa Fussala, ambako watu walisema Kipuniki, alifanya vema kumtafuta mtu ajuaye lugha yao. Lakini kijana aliyemchagua, Antoninus, akawa mnyang'anyi wa watu wake. Agostino aliona aibu hata akafikiri kuacha uaskofu.

Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa, na wakimbizi wakaja Afrika. Kwa ajili hiyo aliandika Mji wa Mungu, kazi ya miaka 13 hivi, mpaka mwaka 426. Mwaka 430 Wavandali wakauzingira Hippo wenyewe. Katika mwezi wa tatu wa mazingira hayo Agostino akapata homa. Akaagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa akizisoma na kulia, akaomba asiingie mtu kwake ila daktari na mwenye kuleta chakula. Akafa tarehe 28 Agosti 430. Hakuacha wosia, kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha, ila aliagiza vitabu vya kanisa vitunzwe. Haya tunayajua kutoka kwa rafiki yake Possidius, aliyekuwa pamoja naye mjini humo.

Jumamosi iliyopita niliwasimulia watoto habari za mapea, nikayaita maembe ili waelewe. Yule mtoto alikuwepo. Tangu nilipokwenda kwao amekuja mara tatu katika Jumamosi nne, naye huketi mwisho wa mkeka, karibu na njia. Nilipomaliza akainua mkono, mara yake ya kwanza. Aliuliza kama Agostino alipokuwa askofu alirudi kumlipa mwenye shamba. Nilirudi bwenini nikazisoma tena kurasa zile zote. Agostino haelezi kwamba alimlipa. Kesho kutwa ni Jumamosi, nami nitamwambia hivyo hivyo.